Kijiwe cha vijana waliopitiwa na vita: namna ya kukianzisha hapa Mwanza bila kuchokonoa vidonda

Naandika hii kwa kijana wa Kirumba, Igoma, Buhongwa, Nyakato au hata wa Ukerewe kule, ambaye kwenye timu yake ya mpira au kwaya au kituo chake cha bodaboda ameshagundua kuna watu vita imewapitia, wao wenyewe au wazazi wao, na anaona wangeweza kufanya kitu cha maana pamoja ila hajui aanzie wapi, maana kila akigusa hiyo ishu mmoja ananuna, mwingine anaondoka, wa tatu analeta utani ambao hauchekeshi.

Na usidhani ni watu wachache. Nenda Mwaloni pale Kirumba siku dagaa wanapakiwa kwenda Kongo, Burundi na Rwanda, simama tu dakika kumi usikilize watu wanavyoongea. Mjini humu kuna waliozaliwa Ulyankulu, Katumba au Mishamo kwa wazazi waliokimbia Burundi 1972, wenzao zaidi ya 150,000 wakaja kupewa uraia wa Tanzania. Kuna Wakongo wa Bukavu na Uvira wanaofuata biashara. Kuna Wajaluo wa Rorya wenye ndugu zao Kisumu waliokuwepo wakati ule wa mwanzo wa 2008 Kenya inawaka, watu zaidi ya 1,100 wakafa na kama 600,000 wakahama makwao. Afu kuna Muha wa Kigoma, ambaye hajakimbia chochote, babu yake kazikwa Kasulu, lakini akifungua mdomo tu hapa mjini anaitwa Mrundi. Huyo naye mchukue, ana mengi ya kusema kuhusu kuambiwa wewe ni nani na mtu asiyekujua.

Ushauri wangu wote unasimama hapa: usianze na swali la nani ni nani, anza na kazi, na stori za watu zitakuja zenyewe wakishaaminiana. Mengine yote ni namna ya kulifanya hilo.

Kwanza jua walichojaribu majirani

Kabla hujaita kikao, soma kidogo, maana kwenye kundi kutakuwa na mtu anayeijua hii historia kwa mwili wake na wewe ukija na maneno ya kubahatisha utapoteza heshima siku ya kwanza.

Rwanda na Burundi, Wabelgiji walipotawala ndo waliofanya mambo ya Mhutu, Mtutsi na Mtwa yawe ya karatasi. Miaka ya 1930 Rwanda ikaanza kutumia vitambulisho vinavyoandika kabila la mtu. Kabla ya hapo tofauti zilikuwepo, ndio, za ng'ombe, za utawala, za ukoo, ila mtu hakuwa anatembea nazo mfukoni zimegongwa muhuri. Aprili 1994 vizuizi vya barabarani vilipowekwa, kitambulisho kile kile ndo kikawa hukumu ya kifo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalienda kama siku 100, na hesabu za waliokufa zinaanzia 800,000 kwenda juu hadi zaidi ya milioni moja. Mwisho wa mwezi huo wa Aprili watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Ngara sio mbali, kwa basi kutoka hapa unafika siku hiyo hiyo.

Sasa angalia baada ya vita nini kilifanyika, hapa ndo pananivutia sana. Rwanda wakafuta kabila kwenye kitambulisho, na leo huwezi kusimama hadharani ukaanza kugawa watu kwa Uhutu na Ututsi, sheria ipo, na 2013 wakaanzisha mpango wa Ndi Umunyarwanda, yaani mimi ni Mnyarwanda basi. Burundi wakaenda upande wa pili kabisa. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, ule ambao Mwalimu Nyerere alisuluhisha mpaka alipofariki 1999 na Mandela akaupokea, na katiba ya 2005 iliyotoka humo, vikasema tuhesabu: serikalini na bungeni Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi 40, Watwa watengewe viti vitatu bungeni, Seneti nusu kwa nusu, jeshini hakuna kabila kuzidi nusu. Majirani wawili, lugha zinazoelewana, jeraha linalofanana, mmoja anasema tusilitaje kabila, mwingine anasema tulitaje na tuligawe kwa namba.

Watu wanabishana ipi ni bora na mimi sitakuamulia, nchi ni kitu kikubwa. Ila kwa kijiwe cha watu ishirini nasema usifanye yoyote kati ya hizo mbili. Ukikataza watu wasitaje, mwenye maumivu atanyamaza na kunyamaza kwake mtakuita amani. Ukihesabu, kwamba tuwe na Warundi watano na Wakongo watano, umeshawabandika watu lebo mlangoni kabla hawajakaa. Acha mlango wazi, mtu ajitambulishe anavyotaka siku anayotaka.

Daftari la majina

Hili dogo ila linaua makundi. Umezoea ukianzisha kikundi unaandika jina, kabila, anapoishi, namba ya NIDA, namba ya simu. Usifanye hivyo hapa. Kwa sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 mkimbizi anatakiwa kuishi kambini au makazi yaliyopangwa, akitoka awe na kibali, kwa hiyo kuna mtu kwenye kundi ambaye kila akiona kalamu na karatasi anaona Uhamiaji. Na sio woga wa bure. Kuanzia Septemba 2013 ilipoendeshwa Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji wasio na karatasi, kule Kagera, Kigoma na Geita kuna familia zilitenganishwa, na watoto wa wakati ule ndo vijana wa leo, ndo hao unataka wakuandikie jina.

Daftari la kijiwe liwe na jina la kuitwa tu na nani analeta nini. Basi. Kama baadaye mnataka kusajili kikundi halmashauri, mpate mkopo ule wa asilimia kumi, hilo ni jambo lingine, lina fomu zake na afisa maendeleo ya jamii atawaambia kinachotakiwa, lifanyeni kihalali na wale wenye karatasi zao. Asiye na karatasi msimfiche wala msimuuze. Msaidieni amwone mtoa msaada wa kisheria, hao wapo na wanatambuliwa na sheria ya 2017, huduma yao kwa asiyejiweza ni bure. Na tafadhali sana asiende kwa mtu wa mchongo anayeuza vitambulisho, huyo atakula hela na mteja atakamatwa.

Wakati huo huo nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, waambie mpo, mnakutana wapi, mnafanya nini. Shikamoo yako iwe ya kweli. Nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimika pale mtaani, mama wa kanisani, ustadhi, yeyote. Kundi la vijana linalokaa kwenye chumba kimefungwa na halijulikani kwa mwenyekiti litaitwa la wahuni au la siasa ndani ya wiki mbili.

Chagua kazi, na iwe ya kushika

Hapa jifunze kwa vijana wa Goma, mashariki mwa Kongo. 2012 walianzisha LUCHA, harakati ya vijana isiyotumia silaha, na moja ya vitu vya kwanza walivyodai ni maji. Goma ipo juu ya ziwa Kivu kabisa, unaliona ziwa, na dumu la maji linanunuliwa. Unacheka? Panda mlima wa Mabatini au Igogo uniambie kama hujawahi kuliona ziwa lote limetandaza pale chini na bomba limekauka. Wale vijana walitoka kwenye miji iliyopigwa na vikosi vya kila aina, kila kabila lina kikosi chake na kila kikosi kina stori yake ya kwa nini kilianza, wao wakasema sisi tunakaa chini tunadai maji, barabara, kazi, na hatushiki silaha. Hawana rais wa kudumu. Wanakaa duara, wanaamua pamoja. Wamefungwa sana, Fred Bauma na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa Machi 2015 kwenye mkutano wa kuanzisha Filimbi, kundi lingine la vijana, wakakaa ndani mpaka Agosti 2016, na mwaka huo huo LUCHA ikapewa tuzo ya Balozi wa Dhamiri ya Amnesty International.

Sisemi uige kufungwa. Naomba uone walivyochagua cha kuanzia. Ukiita vijana uwaambie tunaanzisha kundi la maridhiano, watakuja watano, wanne wakitegemea posho. Ukiwaita kuziba mtaro unaoingiza maji machafu nyumbani kwao kila mvua ikinyesha, au kuokota nyavu chakavu na plastiki mwaloni, au kuwafundisha madogo wa darasa la saba hesabu kila Jumamosi, watakuja wengi na watakuja bila kujieleza wametokea wapi. Mtu akishabeba kiroba cha mchanga na wewe mara tatu nne, siku moja wakati mmekaa mnakula mihogo anakwambia tu, unajua baba yangu sikumjua. Hapo ndo kijiwe kimeanza.

Ila kazi ichaguliwe na wao. Piga kura ya mikono, au kila mtu aandike shida moja ya mtaa kwenye kikaratasi, mchanganye kwenye ndoo, msome kwa sauti. Na kama kazi yenyewe ni ya kuandamana au mkutano wa hadhara, sheria ya polisi inataka taarifa kwa mkuu wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla. Peleka barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Kwa kundi lenye watu ambao karatasi zao hazijakaa sawa mimi kwa kweli ningeanza na mtaro.

Kuhusu kukosa kiongozi: LUCHA hawana, na vijana wa Kenya Juni 2024 walitoka barabarani wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, na pale Kisumu, mji ambao 2008 ulichomeka, nao walikuwemo. Naipenda hiyo. Kwa maandamano inafanya kazi kwa sababu hakuna wa kununuliwa. Kwa kijiwe chenye sufuria, majembe na hela ya chai haifai, lazima ijulikane nani anashika nini, ila mzungushe kila baada ya miezi mitatu.

Siku mnakaa kuongea

Msianze kuongea mpaka mmefanya kazi walau mara kadhaa. Mahali pawe nje kidogo, chini ya mwembe, ukumbi wa shule, uani kwa mtu, sio baa na sio ofisi ya chama. Duara, bila meza ya wakubwa, bila sipika, maana sipika inafanya kila mtu ahutubie. Chai na chapati ziwepo, tumbo likiwa tupu watu wanakuwa wakali. Kiswahili ndo lugha ya wote hapa na hiyo ni bahati kubwa, ila mtu akiongea Kiswahili cha Bukavu au cha Bujumbura asichekwe, na mtu akikwama akasema sentensi moja ya Kirundi mwacheni amalize ndo aulizwe amesemaje.

Zoezi la kwanza ninalolipenda ni hili. Kila mtu apewe karatasi, aandike anajibu nini akiulizwa "wewe nani" sehemu tano: na mama mwenye nyumba, na polisi wa barabarani, msibani kwa ndugu, sokoni Mwaloni akitaka bei nzuri, na mama mkwe mtarajiwa. Halafu asome zile anazotaka kusoma, nyingine anakunja anaweka mfukoni, hamna kuulizwa. Utaona mtu yule yule kwa polisi ni Mtanzania, msibani ni mtoto wa fulani wa kule Bururi, sokoni ni "sisi Waha", kwa mama mkwe ni Mkatoliki na fundi simu. Watacheka sana. Atakayefuata kusoma atakuwa anasema ukweli zaidi ya aliyemtangulia. Mwana mmoja mtaona ameandika kitu kimoja sehemu zote tano, huyo msimwonee wivu wala msimsifie, pengine ndo hana pa kujificha.

Usilazimishe mtu kutoa ushuhuda. Narudia kwa sababu kuna semina zimewazoesha vijana kwamba ukilia mbele za watu umepona. Sio kweli. Na msimwombe yeyote awe msemaji wa watu wake, kwamba "hebu wewe kama Mtutsi tueleze", yeye hakutumwa na mtu.

Ukiamua kuleta stori za vita

Baada ya miezi kadhaa, watu wakishazoeana, ninazo mbili ambazo zinafaa vijana kuliko hotuba yoyote, kwa sababu waliozifanya walikuwa wanafunzi.

Seminari ndogo ya Buta, mkoa wa Bururi kusini mwa Burundi. Vita ya kule ilikuwa imeanza baada ya rais Ndadaye kuuawa 21 Oktoba 1993. Alfajiri ya 30 Aprili 1997 wapiganaji wakaingia bweni, wakaamuru Wahutu wakae huku, Watutsi kule. Wanafunzi wakagoma kutengana. Wakauawa 40. Wiki chache kabla, 18 Machi 1997 usiku, shule ya sekondari Nyange magharibi mwa Rwanda, wanamgambo wakaingia madarasani wakasema vile vile, gawanyikeni, na wale nao wakajibu hapa ni Wanyarwanda tu. Baadhi wakauawa, wengine wakajeruhiwa, na leo nchi yao inawahesabu mashujaa.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu. Wakishasoma hiyo wanauliza duara, "je wewe ungefanya nini?" Usiulize hilo kamwe. Kwenye duara lako kuna mtu ambaye kaka yake alitengwa akaenda upande aliotajwa kwa sababu alikuwa na miaka tisa na alikuwa anaogopa, kuna ambaye mjomba wake alikuwa upande wa wenye bunduki. Unamwambia nini huyo? Swali la kuuliza ni lingine: kabla ya usiku ule, wale wanafunzi walikuwa wanaishije? Na jibu linajulikana. Pale Buta mkuu wa seminari na wenzake tangu vita ianze walikuwa hawafichi, wanaacha wanafunzi wajadili yanayotokea nje, wanabishana, halafu wanacheza mpira pamoja, wanaimba, wanasali, wanacheza ngoma za kila upande. Kwa hiyo alfajiri ile walikuwa wameshazoea kuwa pamoja miaka kadhaa, hawakuanza kufikiria pale bunduki zilipoingia. Kaeni kwenye hilo kikao kizima. Ulizaneni sisi tunafanya nini cha namna hiyo na tunaacha nini.

Mwiteni pia mzee wa mwambao. Mwaka 1994 maiti zilisombwa na mto Kagera zikaingia ziwani, upande wa Uganda kule Kasensero, Lambu na Ggolo walizikwa zaidi ya 10,000, wavuvi na wanakijiji ndo waliozitoa majini, na watu wakaogopa kula samaki. Ziwa ni moja hili hili. Wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua, na mvuvi mzee akisimulia aliyoyaona au aliyoyasikia, wale vijana wa Tanzania ambao walikuwa wanajiona watazamaji wanaanza kukaa vizuri kwenye kiti. Mwambieni mapema mnataka nini, mumpe nauli na chakula, mumwombe ruhusa kabla ya kurekodi.

Simu na uzushi

Vita ya majirani haijaisha yote. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, Februari wakaingia Bukavu, na siku hizo kama una Mkongo na Mnyarwanda kwenye grupu moja la wasapu unajua kilichotokea. Video za maiti, video za vita nyingine ya miaka iliyopita zimebandikwa jina la leo, sauti za mtu asiyejulikana akisema "sambaza kwa Wakongo wote". Watu wazima wanaokumbuka redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza 1993 na muziki mzuri tu na utani mpaka ikafika kutaja majina ya watu wa kuuawa, wanajua hii njia inakoelekea.

Dawa yake nimeichukua Bujumbura. 1995, vita ikiwa mbichi, ilianzishwa Studio Ijambo, waandishi Wahutu na Watutsi ofisi moja, wanatoka kwenda kutafuta habari pamoja, kwa sababu mmoja akienda peke yake upande mmoja hawamwamini na yeye mwenyewe huona nusu. Fanyeni hivyo hivyo. Habari ikiingia grupuni admini anafunga grupu, wanachaguliwa wawili, mmoja mwenye ndugu upande huu na mwingine mwenye ndugu upande ule, kila mtu anapiga simu kwa anayemwamini, wanarudi na jibu moja la pamoja, hata kama jibu ni hatujui. Ndo grupu linafunguliwa. Wekeni admini wawili wasiotoka sehemu moja. Picha ya maiti haiingii, ya upande wowote, hata kama ni ya kweli, hasa kama ni ya kweli. Na kumbukeni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, taarifa ya uongo ina kosa lake.

Ratiba, na mtu akizidiwa

Pitieni kalenda pamoja kabla ya kupanga bonanza. 7 Aprili Wanyarwanda wanaanza maombolezo. 29 Aprili inawarudisha Warundi wengi kwenye 1972. 21 Oktoba ni ya Ndadaye. 2 Agosti ndo siku vita ya pili ya Kongo ilianza 1998, na Wakongo wengi wanakumbuka watu wao. Sio kwamba msifanye kitu, ila msipige muziki wa shangwe siku ambayo mwenzenu anawasha mshumaa chumbani peke yake. Muulizeni kama anataka kampani.

Na mtu akizidiwa kikaoni, anatetemeka, haongei, anatoka mbio, mtu mmoja anayeelewana naye amfuate, maji, akae, asiombewe kwa nguvu na asiulizwe maswali. Wengine mnaendelea na kitu chepesi. Ikijirudia, halali, anakunywa sana, mshawishi mwende wote hospitali, Bugando wana huduma ya afya ya akili, na kwenda wawili kunapunguza aibu. Kijiwe sio hospitali.

Kuna moja ngumu ambayo itafika tu. Kijana aliyekimbia Bujumbura kwa sababu aliandamana Aprili 2015, mitaa ya Musaga na Nyakabiga kule ambako Wahutu na Watutsi walisimama pamoja kupinga muhula wa tatu wa rais Nkurunziza, anagundua mwenzake mpya ndugu zake walikuwa Imbonerakure, vijana wa chama tawala. Hapo kabila halina hata nafasi, ni siasa na ni jirani kwa jirani. Usiwapatanishe mbele za watu. Wape kazi tofauti kwa muda, ongea na kila mmoja peke yake, na kama mmoja hawezi kukaa na mwingine, mruhusu asikae. Atarudi au hatarudi, ila asifukuzwe.

Wageni na hela

Mkianza kujulikana atakuja mtu mwenye gari na kamera. Wapo wazuri. Mwulizeni picha zinaenda wapi, na kumbukeni nani kwenye kundi hatakiwi kuonekana, piga picha mikono na majembe, inatosha. Ukiandika barua ya kuomba ufadhili taja azimio 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lilipitishwa 9 Desemba 2015, ndo la kwanza kusema vijana wana nafasi yao kwenye amani, wafadhili wanalipenda. Ila lenyewe linahesabu kijana ni miaka 18 hadi 29, wakati sera yetu inaenda 15 hadi 35, kwa hiyo usije ukaandika umri halafu nusu ya kundi likajikuta nje. Mgombea naye akija na jezi na mpira, pokea kama mnakubaliana wote, ila asihutubie kikaoni na jezi zisiwe na sura yake, maana uchaguzi ukipita mtabaki mmegawanyika kwa rangi ambazo hata vitani hamkuwa nazo.

Posho ya kukaa msiianzishe. Nauli kwa anayetoka mbali kama Buhongwa au Kisesa sawa, chai sawa. Mweka hazina asome hesabu kwa sauti kila kikao, hata kama ni elfu tatu, risiti zibandikwe kwenye daftari, na hilo daftari lilale kwa mtu mwingine ambaye sio mweka hazina.